Kisu cha kubebesha: niliyoyasema Mafinga juu ya kidonge cha TLD

(Maneno haya, juu ya TLD, kidonge cha ARV cha kufubaza virusi vya UKIMWI, niliyasema ukumbini Mafinga, wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, mbele ya wanachama wa konga, yaani umoja wa watu wanaoishi na virusi, wasaidizi wa tiba na wahudumu wa zahanati. Mvua ilipiga bati karibu nusu saa na walioketi nyuma walilalamika kwamba hawakusikia kitu. Nimeyaandika kwa ajili yao, pamoja na machache niliyojibu papo hapo.)

Kamwene!

Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa konga, mheshimiwa diwani, wenzangu wa zahanati, mama zangu, ndugu zangu wote. Mwenyekiti aliwaomba kila mmoja aje na mkoba wenye dawa zote zilizomo nyumbani kwake, za CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na virusi, na zisizo za CTC, hata zile za dukani, hata za shangazi. Naiona mikoba miguuni. Iacheni hapo kwanza, tutaifikia.

Nianze na kosa langu. Mimi ni mfamasia, nimesimama dirisha la dawa miaka mingi. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, alikuja mama muuza mbogamboga. Kwa zaidi ya mwaka virusi vyake vilikuwa havionekani kwenye kipimo, halafu ghafla jibu la wingi wa virusi likavuka 1,000. Tukamwingiza kwenye ushauri wa ufuasi, kama utaratibu unavyotaka. Akaniambia, "Baba, mimi nameza kila siku saa tatu usiku. Hata siku ya msiba nameza." Nikahesabu vidonge vyake, hesabu ikakubali. Na bado sikumwamini. Nilimwambia wapo wanaomwaga chooni ili hesabu ikae sawa. Yule mama hakujibu. Alikunja khanga yake akaondoka.

Mwezi uliofuata alikuja na binti yake, na ni binti aliyefungua kinywa. "Mama akishameza kile kikubwa, anatafuna na viwili vya kiungulia juu yake, maana usiku tumbo linamwaka." Vile vyeupe vya magnesiamu, vya kutafuna, vinavyouzwa kila duka la dawa muhimu. Miezi yote ile alikuwa anameza dawa yake kwa uaminifu kuliko wengi wetu, na dawa ilikuwa haifiki.

Hakuna hata mmoja wetu pale dirishani aliyewahi kumuuliza anameza nini kingine.

Sasa ningeweza kuwapa orodha ya miiko hapa, kitu hiki usile na kile usinywe. Mtaisahau kabla hamjavuka Kinyanambo. Afadhali niwaonyeshe kidonge kinafanya nini humo ndani, miiko mtaitunga wenyewe.

Wangapi hapa wamewahi kubebesha parachichi? (Mikono mingi.) Nilijua, huku kwetu siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa Hass. Basi nisaidieni. Unachukua kikonyo kutoka mti wa Hass. Unakichonga ncha iwe kama kabari. Halafu unapasua shina la mche wa kienyeji, unachomeka kikonyo, unafunga nailoni. Kikishika, shina ni la kienyeji, mizizi ni ya kienyeji, maji na mbolea vinatoka kwa mche wa kienyeji, ila matunda ni ya Hass. Na hakuna namna ya kuwaambia wale wawili waachane.

Virusi vya UKIMWI vinafanya hivyohivyo, neno kwa neno. Kirusi kikiingia kwenye seli ya kinga, ile tunayoiita CD4, kwanza kinaandika upya maelezo yake yawe katika lugha ya vinasaba vyetu, yaani DNA. Hicho ndicho kikonyo. Kisha kinatumia kimeng'enya chake kiitwacho integrasi. Integrasi ndiyo kisu. Kazi yake ni mbili: inachonga ncha za kikonyo, halafu inaingia kwenye kiini cha seli, inapasua DNA yako na kuchomeka ya kwake humo. Kuanzia hapo seli yako inalishwa na mwili wako, inazaa virusi.

Dolutegraviri, ambayo ni ile "D" ya TLD, inakamata kisu. Inakikamata katikati ya kazi, kikonyo kimeshachongwa, shina bado halijapasuliwa. Kikonyo kinabaki kinaning'inia. DNA ile ya kirusi isiyopata pa kushikia hujikunja ikawa duara, haizai tena, ikaishia hapo.

Niseme na upande wa pili, maana watu wanauziwa maneno matamu. Dawa hii inazuia kubebesha kupya. Miche iliyokwisha kubebeshwa kabla hujaanza dawa haing'olewi. Baadhi ya seli hizo zinalala kimya mwilini miaka na miaka. Ndiyo maana kipimo kinaweza kusema virusi havionekani, na bado ukiacha vidonge virusi vinarudi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu. Wazee hapa mnakumbuka mwaka 2011, mabasi yalivyopanda Loliondo kwenda kunywa kikombe cha Babu, kilichosemwa kinaponya UKIMWI. Wapo walioacha ARV wakirudi. Sitasema zaidi, misiba mingine ilikuwa ya watu wa humu ndani.

Turudi kwenye kisu, maana hapa ndipo penye jambo lililonileta. Makali ya integrasi ni punje mbili za madini ya magnesiamu. Bila magnesiamu hizo mbili kisu ni butu, hakipasui. Wanasayansi walihisi hivyo mapema, ila ilichukua hadi 2010 kuliona waziwazi, pale kundi la Peter Cherepanov huko London lilipopata umbo la integrasi ya kirusi kingine cha ukoo wa karibu, ikiwa imeshikana na dawa. Dawa ilikuwa imezikumbatia zile punje mbili za magnesiamu. Yaani dawa za kundi hili zote, tangu raltegraviri iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2007, hadi dolutegraviri ya 2013, zimeundwa zipende madini. Zikiyaona zinayashika.

Mnaona tunakoelekea? Kidonge hakijui kama magnesiamu iliyo mbele yake ni ya kirusi au ni ya kidonge cha kiungulia. Kikikutana nayo tumboni kinaishika hukohuko, na dawa iliyokwisha kushika madini tumboni haiingii kwenye damu. Mnaitoa chooni pamoja. Walipolipima jambo hili kwa watu waliomeza dolutegraviri pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu, kiasi cha dawa kilichofika kwenye damu kilipungua kwa asilimia 74. Karibu robo tatu. Yule mama wa mbogamboga alikuwa anaishi kwa robo ya dozi.

Kwa hiyo: dawa ya kiungulia ya kutafuna, au ile ya maji meupe ya kwenye chupa, usiimeze pamoja na TLD. Meza TLD kwanza, zipite saa mbili ndipo unywe ya kiungulia. Ukiwa umetangulia kunywa ya kiungulia, subiri muda wa saa sita. Kama tumbo linakusumbua kila siku, njoo tukupe omeprazoli, hiyo haina ugomvi na TLD. Na tuangalie vilevile kwa nini tumbo linawaka kila siku, huenda ni vidonda.

Chuma nacho ni madini. Mama zangu wajawazito, vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki vina chuma. Msiviache! Chakula kinasuluhisha: ukivimeza pamoja na TLD wakati unakula, dawa inaingia vizuri. Tumbo likiwa tupu, fuata ile hesabu ya saa mbili na saa sita. Kalsiamu ni hivyohivyo, na vidonge vya vitamini vyenye zinki ndani yake pia. Kuna mama atauliza juu ya udongo, na namwona anatabasamu. Udongo ni madini na hauna faida kwako wala kwa mtoto. Usipoweza kuuacha leo, angalau usiwe karibu na saa ya dawa, na tuambie, hatutakucheka.

(Hapa mzee mmoja aliuliza kuhusu chai ya maziwa. Nilimjibu: "Kunywa, baba. Chai ya maziwa, ugali, kande, havina neno. TLD inamezwa na chakula au bila chakula.")

Na ulanzi? Nilijua mtacheka. Msimu wa mvua huu mianzi imejaa, tusidanganyane. Ulanzi haugombani na kidonge. Unagombana na kumbukumbu. Mtu anakwenda kilabuni saa kumi akisema atarudi kabla ya saa tatu, anarudi saa tano, anaamka asubuhi hajui kama alimeza. Kama wewe ni mtu wa kilabu, hamishia dozi yako asubuhi. Si kwa ajili ya ulanzi peke yake: dolutegraviri inawanyima baadhi ya watu usingizi, na wakimeza asubuhi wanalala vizuri. Zamani, wakati wa efavirensi, dawa iliyotangulia TLD, tulikuwa tunasema meza usiku ili kizunguzungu kikukute umelala. Hiyo sababu imeondoka na efavirensi yake. Mnakumbuka zile ndoto? Kuna baba mmoja alikuwa ananipa ripoti ya ndoto zake kila akija dirishani, moja alikuwa amenunua treni ya TAZARA kwa mkopo.

Tumetoka mbali. ARV za bure zilianza nchini mwaka 2004, na wengi wenu mlianza na stavudini, ile iliyochoma nyayo kama umekanyaga kaa la moto, ikamaliza mashavu hadi majirani wakajua bila kuambiwa. Ndipo zikaja tenofoviri na efavirensi. TLD tumeipata mwaka 2019. Ni kidonge kimoja, kina tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Mwaka 2017 ilitangazwa bei ya takriban dola 75 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, kwa nchi kama zetu, na mwaka 2023 ikashuka chini ya dola 45. Mnachopewa bure hakijaokotwa. Na dawa aliyoruhusiwa Mmarekani 2013 kumfikia mama wa Mufindi baada ya miaka sita, kwa historia ya dawa za bara hili, ni mwendo wa haraka. Haraka, lakini si ya kujivunia, kwa sababu kuna waliokufa katika hiyo miaka sita.

Wanawake mlicheleweshwa hata zaidi katika nchi nyingi, na mnastahili kuambiwa kwa nini. Mei 2018 utafiti wa Botswana ulileta wasiwasi: katika wanawake 426 waliokuwa wanatumia dolutegraviri walipopata mimba, watoto 4 walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Dunia ikashtuka. Walipoendelea kuhesabu, mimba zikafika maelfu, tofauti ile ikayeyuka. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likasema dolutegraviri ni ya wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwemo. Kwa hiyo ukisikia mtaani kwamba TLD inaharibu mimba, maneno hayo yana asili, ila yamepitwa. Mimi binafsi sikupenda jinsi wanawake walivyokuwa wanaambiwa wachague kati ya dawa nzuri na kuzaa bila kuelezwa namba zenyewe.

Kifua kikuu. Hapa naomba wasaidizi wa tiba mnisikilize, mvua au si mvua. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za TB, inalifanya ini lichome dolutegraviri haraka mno. Mgonjwa wa TB anayetumia TLD lazima aongezewe dolutegraviri nyingine ya miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya TLD yake, kila siku, mpaka wiki mbili zipite tangu amalize dawa za TB. Tatizo linakuja pale ambapo TB anatibiwa kituo kimoja na CTC yake iko kingine, hasa vibarua wa mbao na madereva. Kibarua anakohoa akiwa kambini, anaanzishiwa dawa za TB kituo cha karibu, anaficha kadi ya CTC kwa sababu msimamizi wake yuko nyuma yake kwenye foleni. Anarudi kwetu miezi mitatu baadaye, virusi vimepanda. Msimlaumu kwanza. Muulizeni kwanza.

Sukari: metformini hukaa mwilini zaidi ukitumia dolutegraviri, kwa hiyo isizidi miligramu 1,000 kwa siku, na daktari wa sukari ajue. Ukianza kukojoa sana na kiu haikati baada ya kubadilishiwa TLD, njoo upimwe, usiseme ni baridi ya Mafinga. Dawa za kifafa pia zitajwe, baadhi zinafanya kama rifampisini.

Unene. Ndiyo, tafiti za Johannesburg na Yaoundé zilionyesha watu wanaongezeka uzito zaidi kwenye dolutegraviri kuliko kwenye efavirensi, na wanawake zaidi. Sehemu yake ni mwili kurudi katika hali yake. Sehemu nyingine siyo. Huku kwetu mtu akinenepa anasifiwa amependeza, na baada ya stavudini nani atawalaumu, lakini presha na sukari havijali sifa. Tupimane uzito kila mkija, na asiachwe mtu akate dawa kimyakimya kwa sababu gauni limekataa kufunga.

Watoto nitasema kwa furaha. Wale waliolea watoto kwenye lopinaviri mnajua ile dawa ya maji ilivyokuwa chungu, mtoto anatapika, mama analia. Sasa ipo dolutegraviri ya watoto ya miligramu 10, inayeyuka kwenye maji, imewekewa ladha tamu, inaanza mtoto akiwa na wiki nne na kilo tatu. Bibi anayelea mjukuu anaweza kuitoa bila vita. Ila uzito ukibadilika dozi inabadilika, kwa hiyo bibi, mlete mtoto apimwe, usitume jirani aje kuchukua dawa tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakuja.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Watu wa mikoa mingine wanatutania kwa namba hizi. Mimi nikiziona nawaona pia watu ambao stavudini na subira yao, na sasa TLD, vimewazuia wasiingie kaburini. Maiti hahesabiwi kwenye asilimia. Na anayemeza vizuri hadi virusi visionekane hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa na kurudiwa kuthibitishwa. Semeni kwa vijana wanaotaka kuoana.

Kuna aliyeuliza sindano. Kabotegraviri, ndugu yake dolutegraviri, hushika kisu kilekile, na hudungwa kila baada ya miezi miwili. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2022 kwa kinga ya wasio na virusi, na 2025 likaikubali, ikiambatana na dawa nyingine, kwa baadhi ya wanaoishi na virusi ambao vimeshafubazwa. Kwako wewe uliye hapa leo, kazi ni kidonge. Na kidonge hiki ni kigumu kuzoeleka na virusi kuliko vilivyotangulia, lakini virusi vinaweza kukizoea. Kirusi kinachoishi kwenye robo ya dozi kina muda wote wa kujifunza.

Kitu kidogo cha mwisho kabla ya mikoba. Najua wengine mnamimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni au kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, kwa sababu chupa inalia kayamba ndani ya mkoba na abiria wote wa daladala wanageuka. Ninaelewa. Lakini kile kifuko kidogo ndani ya chupa kinazuia unyevu, na unyevu wa Mufindi mnaujua. Viacheni vidonge kwenye chupa yake, na chupa muizungushie khanga, itanyamaza.

Yule mama wa mbogamboga nilimwomba radhi mbele ya binti yake. Alinisamehe kwa sharti moja, kwamba kila mgonjwa atakayesimama dirishani kwangu nimuulize anameza nini kingine kabla sijamuuliza kama anameza. Haya. Fungueni mikoba, toeni kila kitu mezani, tuanze na safu ya mbele. Mama, hiki cheupe umekinunua wapi?